PAKA SAFARINI: NAMNA YA KUMBEBA KWA SALAMA

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Sita

Wasomaji wenzangu, huenda baadhi yenu mtacheka mkisoma kwamba ziko nchi ambamo paka hupelekwa matembezi katika kigari cha kusukuma, kama mtoto mchanga. Mtu akipita katika bustani za Seoul, Tokyo au London aweza kumwona bibi anasukuma kigari, akainama kumtazama mtoto, lo! akakuta masharubu na masikio mawili yaliyosimama. Mwaka 2023 duka moja kubwa la Korea Kusini linalouza vitu kwa njia ya intaneti lilitangaza kwamba lilikuwa likiuza vigari vya wanyama wengi kuliko vigari vya watoto. Wanyama hao wengi wao ni mbwa, lakini paka nao wamo.

Mimi pia nilicheka. Walakini nilipofikiri zaidi niliona kwamba swali lililomo ndani ya kigari kile si la kuchekesha hata kidogo. Je, mtu ambebeje paka kutoka mahali hata mahali bila kumwumiza, bila kumpoteza, na bila kumtia hofu? Swali hili latuhusu hata sisi ambao njia zetu ni za udongo na hatuna vigari. Maana paka asiyebebeka hafiki kwa daktari wa mifugo, na paka asiyefika kwa daktari hapati chanjo ya kichaa cha mbwa. Hapo kicheko hukoma.

KWA NINI PAKA HAPENDI SAFARI

Kwanza yatupasa kumjua paka mwenyewe. Mbwa ni mnyama wa kundi. Ukihama na mbwa wako ukaenda mji mwingine, kwake yeye nyumbani ni pale ulipo wewe. Paka si hivyo. Asili yake ni paka-mwitu wa Afrika na nchi za Mashariki ya Kati, mnyama anayewinda peke yake katika eneo analolijua kila kichaka na kila tundu. Aliwaendea watu walipoanza kulima na kuweka nafaka, kwa sababu palipo na nafaka pana panya. Katika kisiwa cha Kupro wachimbaji wa mambo ya kale walikuta kaburi la mtu aliyezikwa pamoja na paka yapata miaka 9,500 iliyopita. Basi ujirani wetu na paka ni wa zamani mno. Lakini katika miaka yote hiyo paka hakuacha tabia yake ya kushikamana na mahali pake.

Mtazame asubuhi. Hujisugua shavu kwenye mguu wa meza, kwenye mlango, na kwenye mguu wako. Hajipendekezi tu. Katika mashavu yake mna harufu ambayo pua ya mtu haiwezi kuipata, naye huiacha pale iwe alama kwamba mahali hapa ni pake na pana amani. Ukimtoa ghafula nje ya nyumba, alama hizo zote humpotea kwa mara moja.

Tena kuna masikio. Mtu husikia sauti nyembamba hata mitetemo 20,000 kwa sekunde. Paka hufika karibu 64,000. Breki za basi zinazotuchoma sisi masikioni, yeye zamchoma zaidi. Na jambo la tatu ni kwamba paka, ingawa ni mwindaji, yeye mwenyewe huwindwa. Tai humtaka, chatu humtaka, na mbwa humfukuza. Kwa hiyo akiogopa hufanya moja katika mambo matatu: hujificha, hukimbia, ama hupigana. Akiwa mikononi mwako mahali pa kujificha hapana. Yabaki mawili, kukimbia na kupigana, na kwa kazi hizo anazo kucha 18: tano katika kila mguu wa mbele na nne katika kila mguu wa nyuma.

Hii ndiyo sababu sanduku lenye giza kidogo humtuliza. Mwaka 2014 wataalamu wa Uholanzi walieleza jinsi walivyowatazama paka walioletwa karibuni katika nyumba ya kutunzia wanyama wasio na wenyewe. Baadhi ya paka walipewa masanduku ya kujifichia, na wengine hawakupewa. Wale waliopewa masanduku walitulia na kuzoea mahali pale mapema kuliko wenzao. Sanduku kwa paka si jela. Likiwa zuri, ni pango.

MAKOSA YA GUNIA

Hapa kwetu Uganda, na nadhani hata kwa majirani zetu, chombo cha kumchukulia paka aghalabu ni gunia. Mzee mmoja wa kijijini kwetu alipewa paka na shemeji yake. Wakamtia katika gunia la mahindi, wakalifunga mdomo kwa kamba ya katani, na kijana wa bodaboda akaliweka juu ya tangi la petroli, mbele yake. Njiani paka akatoboa gunia na kucha zikamwingia kijana pajani. Kijana akashtuka, pikipiki ikaingia mtaroni. Kwa bahati njema alichubuka magoti tu. Paka akatoka katika tundu lile, akakimbilia barabarani, na lori likampitia. Mzee alisema paka yule alikuwa na pepo. Mimi naona hakuwa na pepo. Alikuwa na joto na hofu.

Gunia lina makosa manne. La kwanza, hewa ni haba, hasa katika magunia ya plastiki ya siku hizi. La pili, gunia halina umbo: humbana paka kila upande, naye hawezi kusimama wala kugeuka. La tatu, kucha hupita, kwa hiyo haliwalindi watu. La nne nalo ni baya kuliko yote: paka hakosi kukumbuka. Aliyetiwa ndani ya gunia mara moja, mara ya pili akiona gunia yuko juu ya dari.

SANDUKU JEMA LAWAJE

Mashirika ya ndege yana sharti moja linalofaa kukumbukwa na kila mtu, hata asiyetazamia kupanda ndege maisha yake yote. Chombo cha kumbebea paka sharti kimpe nafasi ya kusimama, ya kugeuka, na ya kulala kama kawaida yake. Paka wa kawaida mwenye uzito wa kilo 4 au 5 hutosheka na sanduku lenye urefu wa sentimita 50, upana wa sentimita 30 na kimo cha sentimita 35. Lisiwe kubwa mno pia, kwani akiteleza huku na huku kila gari linapopinda, ataumia na ataogopa.

Madukani mijini yako masanduku ya plastiki yenye mlango wa waya. Hayo ni mazuri, ila bei yake si ya kila mtu. Lakini kwetu tuna vitu vitatu vinavyoweza kufanya kazi ile ile. Kitu cha kwanza ni tenga la kuchukulia kuku, lililosukwa kwa fito, mradi liwe na kifuniko cha kufunga na nafasi kati ya fito zisipitishe kichwa cha paka. Mahali kichwa kinapopita, mwili nao utapita. Kitu cha pili ni kreti mbili za plastiki za mboga, moja ikifunikizwa juu ya nyingine na kufungwa kwa kamba pande zote nne. Kitu cha tatu ni sanduku la mbao nyepesi ambalo fundi seremala aweza kulipigilia kwa muda wa saa chache, likiwa na wavu wa waya pande mbili. Ncha za waya zikunjwe nje ili zisimchome. Boksi la karatasi ngumu lafaa kwa njia fupi tu. Paka akikojoa, kitako hulegea, na mwenye boksi hubaki na boksi.

Chombo chochote utakachokichagua, kikague hivi. Hewa ipite pande mbili au zaidi. Mlango ufungwe kwa komeo au kwa kamba, si kwa kutegemea uzito wa kifuniko. Chini weka magazeti ya kunyonya mkojo, na juu yake kitambaa kikuukuu alichokilalia paka, ambacho usikifue, kwani harufu yake ndiyo nyumba yake njiani. Tena yafaa sana kifuniko kifunguke juu. Paka mwenye hofu ni rahisi kumshusha kwa juu kuliko kumsukuma mlangoni, ambapo hutanua miguu yote minne akawa mpana kuliko mlango.

KUMFUNZA KABLA YA SAFARI

Watu wengi hutoa sanduku siku ile ile ya safari. Paka huliona kwa mara ya kwanza, hukamatwa kwa nguvu, husukumwa ndani, kisha huchomwa sindano. Je, wewe mwenyewe ungelipenda sanduku hilo? Hapana budi sanduku lizoeleke kwanza, wakati paka yu mzima na hakuna haraka.

Shuleni kwetu tuna ghala la mahindi na maharagwe, na askari wake ni paka dume wa rangi ya majivu. Jina lake ni Karani, kwa sababu kila asubuhi hupita juu ya magunia moja moja kama anayeyahesabu. Muhula uliopita tulipata habari kwamba daktari wa mifugo atawachanja mbwa na paka katika kituo kilicho yapata kilomita 5 kutoka shuleni. Mzee wetu mtunza ghala akaniambia, "Kijana wangu, huyu hachukuliki. Mwaka jana alimrarua mpishi mkono." Nikamjibu, "Mzee, tupatie tenga moja na majuma matatu." Akacheka, akatupatia.

Juma la kwanza hatukumgusa Karani. Tuliliweka tenga wazi katika pembe anayoipenda kulala, juu ya kitambaa chake, tukaliacha. Siku mbili alilizunguka kama mkaguzi. Kila jioni tulimwekea dagaa wachache, ambao hapa Uganda twawaita mukene, kwanza kando ya tenga, kisha mlangoni, kisha ndani kabisa. Siku ya tano aliingia akala, na siku ya saba tulimkuta amelala humo bila kuitwa.

Juma la pili tulianza kufunga kifuniko alipokuwa akila, kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, tukafungua kabla hajataka kutoka. Hilo ndilo jambo la maana: ukifungua anapolia, amejifunza kwamba kulia ni ufunguo, ukifungua angali ametulia, amejifunza kwamba kifuniko si hatari. Tukaongeza muda kidogo kidogo hata dakika kumi. Juma la tatu tukaliinua tenga na kuliweka chini papo hapo, tena tukalibeba hatua chache, tena mpaka jikoni na kurudi, tena mpaka barabara kuu ambako magari hupita. Kila mara mwisho wa safari ulikuwa dagaa.

Siku ya chanjo Karani aliingia mwenyewe. Njiani alilia mara tatu nne, kisha akanyamaza. Alipochomwa sindano alinguruma mara moja. Mpishi, ambaye alikuja kushuhudia, alisema labda tumebadilisha paka. Si paka wote watakaojifunza kwa majuma matatu; mwingine ataweza kwa juma moja, na mwingine atataka miezi miwili. Walio wepesi kuliko wote ni watoto, kwani paka huzoea mambo mapya zaidi katika majuma ya pili hadi ya saba tangu kuzaliwa. Kama nyumbani kwenu paka amezaa, wekeni sanduku karibu sasa hivi.

SIKU YA SAFARI

Siku yenyewe ikifika, shika mambo haya. Usimlishe paka saa tatu au nne kabla ya kuondoka, asije akatapika njiani, maji anywe. Chagua asubuhi mapema au jioni. Funga milango na madirisha ya chumba kwanza, ndipo umtie katika sanduku, bila kukimbizana naye. Funika sanduku kwa kitambaa chepesi, upande mmoja ukiwa wazi kwa ajili ya hewa.

Ukilibeba, lipakate kifuani kwa mikono miwili. Ukilishika kwa mkono mmoja likaning'inia na kugonga goti kila hatua, paka humo ndani yumo katika tetemeko la nchi. Ndani ya gari liweke sakafuni nyuma ya kiti cha mbele, mahali ambapo halitaruka dereva akifunga breki. Usimpakate paka akiwa huru ndani ya gari, hata awe mpole namna gani, kwa maana paka aliyeshtuka hukimbilia penye giza, na chini ya miguu ya dereva pana giza.

Wengi wetu twasafiri kwa bodaboda. Mimi naona basi au miguu ni bora, kwa sababu abiria anayeshika sanduku kwa mikono miwili hana mkono wa kujishikia. Ikiwa hapana njia nyingine, sanduku lifungwe imara kwa mipira ya mizigo, lifunikwe kwa sababu ya vumbi, na dereva akubaliane nawe mapema kwamba ataendesha polepole.

Mkifika, usiliweke sanduku chini penye mbwa. Liweke juu ya benchi au magotini, mlango ukielekea kwako. Na sheria iliyo kubwa kuliko zote ni hii: sanduku lisifunguliwe mpaka paka awe ndani ya chumba kilichofungwa. Sikiliza vizuri, msomaji. Paka wengi hupotea pale mtu anapofungua kidogo tu ili amtulize. Paka aliyepotea mahali asipopajua hujificha, wala hajibu hata akiitwa na mwenyewe.

Mkirudi nyumbani, fungua sanduku katika chumba kitulivu, umwache atoke mwenyewe. Kama kuna paka mwingine, usishangae akimfokea ndugu yake. Harufu ya dawa ya daktari imemfanya mgeni. Baada ya muda harufu ya nyumbani hurudi, na amani nayo.

JOTO NI ADUI

Joto la mwili wa paka aliye mzima ni kati ya digrii 38 na 39. Hatoi jasho kama sisi; hutoa kidogo tu katika nyayo zake, na zaidi ya hapo hujipoza kwa kujilamba na kutafuta kivuli. Katika sanduku lililo juani hana kivuli. Gari lililosimama juani hupanda joto kwa digrii zipatazo 10 katika dakika 10 za kwanza, na kufungua kioo kidogo hakusaidii sana. Kwa hiyo usimwache paka garini hata kama waenda dukani mara moja.

Ukimwona paka anahema kinywa wazi kama mbwa, mate yanamtoka, ufizi umekuwa mwekundu mno, ama anapepesuka, jua amezidiwa. Mpeleke kivulini, mloweshe kwa maji ya baridi kiasi, yasiwe ya barafu, mpepee, kisha mfikishe kwa daktari upesi.

KIGARI CHAFAA KWA NANI

Sasa turudi kwenye vigari. Kigari cha kwanza cha mtoto kinachotajwa sana katika historia kilitengenezwa Uingereza mwaka 1733 na William Kent, kwa ajili ya watoto wa Duke wa Devonshire, nacho kilivutwa na mbuzi ama farasi mdogo. Vigari vilikaa vizito kwa muda mrefu. Mwaka 1965 Mwingereza Owen Maclaren, mhandisi aliyewahi kushughulikia miguu ya kutulia ya ndege za vita za Spitfire, alibuni kigari cha aluminiamu kinachokunjika kama mwavuli, kisichofika uzito wa kilo 3. Vigari vya wanyama vya siku hizi vimefuata njia hiyo ya wepesi na ya kukunjika.

Kwa nini watu wa huko wavitumie? Wengi wao hukaa katika majumba marefu, ghorofa ya kumi au ya ishirini, na paka wao hakanyagi ardhi. Dirishani huona ndege asioweza kuwafikia. Kwa paka kama huyo nusu saa ya kunusa upepo ni jambo kubwa. Tena wako paka wazee wenye maumivu ya viungo, na paka wenye miguu mitatu, na wazee wa kibinadamu ambao kilo 5 za paka pamoja na sanduku ni mzigo usiobebeka. Kwao gurudumu ni rehema.

Kigari kilicho salama kina mambo manne: wavu unaofunika pande zote, zipu ambayo paka hawezi kuifungua kwa pua, breki ya magurudumu, na kamba fupi ndani ya kufungia mkanda wa paka. Mkanda huo uzunguke kifua na mabega, usiwe wa shingoni peke yake, maana paka akiruka huku amefungwa shingo aweza kujinyonga. Kamba iwe fupi kiasi cha kumzuia asifike ukingoni. Hata hivyo kigari kina udhaifu wake. Hukaa chini, sawa na pua za mbwa na moshi wa magari. Sokoni hakifai, ngazini hakifai, na ndani ya gari linalokwenda hakichukui nafasi ya sanduku. Iko pia mikoba ya mgongoni yenye dirisha la duara la plastiki. Hiyo hupendeza macho, lakini jua likipiga pale, joto huingia kama katika kioo cha gari.

Basi swali la kujiuliza kabla ya kumtoa paka matembezi ni hili: safari hii ni ya nani? Kama paka huingia kigarini mwenyewe, masikio yamesimama, macho yanatazama huku na huku, safari ni yake. Kama amejikunyata, masikio yamelala, mboni zimepanuka na nyayo zimelowa jasho, safari ni ya mwenye paka, ambaye labda ataka kutazamwa na watu. Mrudishe nyumbani. Paka wetu wa vijijini, wanaotoka wenyewe mlangoni, hawahitaji kigari cha matembezi. Wanachohitaji ni sanduku la kufikia kwa daktari.

NENO JUU YA KICHAA CHA MBWA

Ugonjwa huu waitwa kichaa cha mbwa, lakini paka nao huupata, na wanaweza kumwambukiza mtu kwa meno na mate yao. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, karibu wote katika Asia na Afrika, na katika kila watu 100 wanaokufa, 40 ni watoto wasiotimiza miaka 15. Ni kweli kwamba sehemu kubwa kabisa ya maambukizo hutoka kwa mbwa. Lakini ni nani alalaye na watoto mkekani usiku? Si mbwa, ni paka.

Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Kabla ya dalili kuanza, chanjo huokoa. Jambo hili limejulikana tangu tarehe 6 Julai 1885, siku Louis Pasteur wa Ufaransa alipoanza kumchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka tisa aliyeumwa na mbwa, naye akaishi. Kwa hiyo mtu akiumwa au kuparuliwa na paka asiyejulikana chanjo yake, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, asingoje kuona paka atafanya nini. Paka mwenyewe achanjwe afikapo miezi mitatu, na kurudiwa kama daktari atakavyoagiza.

Hati ya chanjo ina faida nyingine kwa wanaohama nchi. Aghalabu huombwa mpakani pamoja na hati ya afya. Nchi za Umoja wa Ulaya husisitiza zaidi: kidude chenye namba chini ya ngozi, kisha chanjo, na paka atokaye nchi kama yetu hupimwa damu siku 30 au zaidi baada ya chanjo, halafu hungoja miezi mitatu tangu siku ile ya kupimwa. Asiyeanza mapema atamwacha paka wake nyuma.

Wazee walinena kwamba paka wa nyumba haingwi, yaani hafukuzwi. Nami naongeza kwamba paka wa nyumba hatiwi guniani pia. Likizo inakaribia, nasi sote twarudi makwetu. Yeyote kati yenu aliye na paka nyumbani, siku ya kwanza ya likizo aweke tenga wazi pembeni mwa jiko na dagaa watatu ndani yake. Majuma ya likizo yanatosha kumfunza. Kisha mwulizeni daktari wa mifugo wa wilaya yenu siku ya chanjo, na siku hiyo mkaondoke asubuhi na mapema, kabla jua halijawa kali.